Ule Mti wa Mjomba: Barua ya Wazi kwa Watafiti wa Dawa za Mimea

Ndugu watafiti wa dawa za mimea, mlioko vyuo vikuu, kwenye taasisi za utafiti na kwenye maabara za Serikali,



Nilikuwa tabibu wa zahanati za vijijini kwa miaka 31, huku Muheza, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na sasa nimestaafu. Sikusomea kemia wala famasia. Nilichojaliwa kukijua nimekijua kwa kukaa na wagonjwa: kina mama wa matende, wazee wa mabusha, watoto wa kichocho, na wale ambao usubi umewawasha ngozi mpaka ikakunjamana kama ya mjusi. Hayo ndiyo magonjwa ambayo wakubwa wa afya wanayaita yasiyopewa kipaumbele. Sisi huku hatukuwahi kuyaita hivyo. Ndiyo yaliyokuwa yakijaza benchi la zahanati kila Jumatatu.

Naandika kwa sababu ya mtu mmoja, mjomba wangu, na mti mmoja ambao sitautaja jina. Sababu ya kutoutaja mtaiona mbele.

Mjomba ni mganga wa mitishamba. Hapigi ramli, hapungi mashetani. Kazi yake ni mizizi, magome na majani, kazi aliyorithishwa na mama yake, yaani bibi yangu. Nilipopangiwa zahanati ya nyumbani, wengi walidhani tutagombana. Hatukugombana hata siku moja. Mtoto akifika kwake na degedege, alimwamuru mama yake akimbie kwangu. Mtu akija kwangu na kidonda kisichopona, nilimuuliza kwanza mjomba ameweka nini.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, watoto wa vitongoji vya kando ya mto walianza kukojoa damu. Nusu yao walipitia kwa mjomba, akawapa mzizi. Mama zao wakanieleza kwamba damu ilikoma. Mimi nilijua, na ninyi mnajua zaidi yangu, kwamba damu ya kichocho huweza kukoma kwa muda na minyoo ikabaki palepale kwenye mishipa ya kibofu. Nikamwomba mjomba aje zahanati saa sita mchana, wakati ambao mayai hutoka kwa wingi. Nikachukua mkojo wa mtoto mmoja, nikauacha utulie, nikavuta mashapo ya chini, nikayatia kwenye kioo, nikalenga hadubini, kisha nikampisha kitini.

Aliinama kwa muda mrefu. Kofia ikamdondoka, asiiokote. Mwishowe akauliza, "Hii kama mbegu ya tikiti, yenye mwiba mkiani, ndiyo nini?" Nikamwambia ndilo yai la mnyoo, na mwiba ule ndio unaochana kibofu mpaka damu inatoka. Akanyamaza. Kisha akauliza swali lililoizaa barua hii: "Mzizi wangu unamuua anayetaga haya, au unaficha damu tu?"

Nikamjibu, "Sijui, mjomba. Lakini wapo wanaoweza kujua. Nitawatafuta."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaita wenzenu. Walikuja na gari la utafiti, vijana wawili na mwalimu wao. Taasisi yao siitaji. Yaliyotupata sisi nimeyasikia kwa waganga wa wilaya nyingine pia, na sitaki mtu mmoja abebe mzigo wa wengi. Walikuwa na adabu. Walimwamkia mjomba, wakala nasi ugali na mlenda, wakamsomea karatasi ya ridhaa, akaweka dole gumba. Akawapeleka msituni mwendo wa saa nzima. Akawaonyesha anavyochimba: upande mmoja tu wa shina, mzizi mkuu haguswi, na shimo linafukiwa kabla mtu hajaondoka. Akawaambia mzizi ule hauchemshwi. Unapondwa mbichi kwenye kinu, unalowekwa kwenye maji baridi ndani ya chungu usiku kucha, asubuhi unakamuliwa kwa kitambaa na kunywewa kabla ya kula. Vijana wakaandika yote. Wakaondoka na kiroba cha mizizi, wakamwachia sukari kilo mbili, sabuni, na ahadi ya kurudi na majibu.

Miaka minne baadaye, binti wa jirani aliyekuwa akisoma Dar es Salaam akaikuta makala yao kwenye simu, akanitumia. Nikaisoma kwa siku tatu, kamusi pembeni. Mti wa mjomba ulikuwemo kwenye jedwali, katikati ya miti mingine mingi. Mzizi ulikaushwa, ukasagwa, ukalowekwa kwenye methanoli. Kisha ukajaribiwa kwa bakteria na fangasi. Bakteria na fangasi, ndugu zangu! Mzizi wa kichocho haukukutanishwa na mnyoo wa kichocho hata mara moja. Na mwishoni ikawekwa sentensi ambayo tangu siku ile nimekutana nayo kwenye makala nyingi: kwamba matokeo haya yanaunga mkono matumizi ya mmea huu katika tiba asili.

Sentensi hiyo naiomba ife. Mmea unaozuia fangasi kwenye kisahani haujasema neno lolote kuhusu mnyoo uliojibanza kwenye mshipa wa damu wa mtoto. Tena kiasi kilichotajwa kwenye jedwali lile ni kikubwa mno; hakuna kikombe anachoweza kunywa mtu kikaifikisha damu yake hapo. Mimea mingi ikilowekwa kwenye spiriti kali na kumwagiwa kiumbe kidogo, kiumbe hicho kitakufa. Hata uduvi mnaowatumia kupimia sumu hufa. Kilichotakiwa kujulikana ni kama mti unamuua mdudu na kumwacha mgonjwa, na hilo halikuulizwa.

Nilikuja kuelewa kwa nini. Bakteria wanafugwa kwenye chupa, wanakua usiku mmoja. Mnyoo wa kichocho hafugiki hivyo. Lazima uwe na konokono hai wa aina yake, uwe na panya wa maabara, uzungushe maisha yake yote kutoka kwa konokono kwenda kwa panya na kurudi, wiki hadi wiki, na mtu wa kuwalisha hata sikukuu. Maabara nyingi hazina uwezo huo, na fedha za utafiti wa mwanafunzi hazitoshi. Basi mwanafunzi anapima anachoweza kupima. Simlaumu yeye. Lakini aliyemruhusu aandike kwamba amepima dawa ya kichocho namlaumu.

Naomba pia tusemezane kuhusu yale maji baridi. Mnamjua Tu Youyou wa China kuliko ninavyomjua mimi. Mradi wa 523 ulianzishwa mwaka 1967 kutafuta dawa ya malaria, naye na wenzake wakakusanya maagizo ya tiba zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya kale na kwa waganga. Mmea unaoitwa qinghao ulionyesha dalili njema, kisha ukabadilika. Leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4, akaona kwamba pale pameagizwa kuloweka na kukamua, hapakuagizwa kuchemsha. Akang'amua kuwa pengine moto ndio unaoua dawa. Akabadilisha njia, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye joto la nyuzi 35 hivi tu. Mwaka 1971 sampuli namba 191 ikawaponya panya wote. Dawa mseto tunayowapa watoto wetu leo imetokana na hapo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Siku niliyosoma habari hizo nilikumbuka chungu cha mjomba. Wenzenu walikuwa wameandika kwenye daftari lao kwamba mzizi hauchemshwi, unalowekwa mbichi. Halafu wakaukausha na kuutia methanoli. Sisemi kwamba maji baridi ya mjomba yana siri kama ya Ge Hong. Nasema tu kwamba aliyekaa na mti miaka 60 akikwambia namna ya kuuandaa, hiyo ni sehemu ya kipimo. Akikwambia uchimbe kabla ya mvua za masika, usicheke: mmea hubadilisha kemikali zake kwa msimu, kwa udongo, hata kwa umri.

Sasa niseme kwa nini nalishikilia jambo hili wakati dawa za bure zipo. Nimezigawa mwenyewe. Kila mwaka ilipofika zamu ya kingatiba, tulikuwa tunasimamisha watu kwenye ule mti wa kupimia urefu uliochorwa mistari: mtu akifika mstari huu vidonge viwili, akifika ule vitatu. Dawa ya usubi na matende, ivermectini, kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu mwaka 1987. Mungu awalipe waliofanya uamuzi ule. Lakini jueni dawa ile ilikotoka: Satoshi Ōmura aliipata kwa bakteria wa kwenye udongo wa Japani, William Campbell na wenzake wakaifanyia kazi Marekani, na ikaingia sokoni kwanza kama dawa ya mifugo. Binadamu wa usubi alinufaika kwa sababu ng'ombe na farasi walikuwa na wenye fedha. Watafiti waliohesabu dawa mpya zote zilizosajiliwa duniani kuanzia 1975 hadi 1999 walikuta 1,393. Za magonjwa ya nchi za joto na kifua kikuu zilikuwa 16.

Na hizo tulizonazo zina mapengo. Ivermectini inaua watoto wa mnyoo wa usubi, mama mnyoo anabaki hai kwenye uvimbe chini ya ngozi kwa miaka kumi na zaidi, ndiyo maana ugawaji hauishi. Kwa kichocho dunia nzima inaegemea dawa moja, praziquantel, iliyotoka Ujerumani miaka ya 1970. Ni dawa nzuri, kidonge kikubwa, kichungu, watoto wanakitapika. Inaua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga inaipita. Mtoto anameza Ijumaa, Jumapili yuko mtoni. Na kwa mwanamke aliyekaa na mayai yale kwenye shingo ya kizazi kwa miaka, minyoo hufa lakini makovu na vidonda mara nyingi hubaki. Wanawake hao wamekuwa wakiambiwa wana magonjwa ya zinaa. Nimewahi kumwambia mmoja hivyo mimi mwenyewe, mwanzoni mwa kazi yangu, na mumewe akamrudisha kwao. Naye alikuwa ameambukizwa kichocho akichota maji ya kupikia chakula cha mume huyohuyo.

Kisha ilipofika Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na mipango ya kugawa kingatiba ikayumba kwenye nchi kadhaa za Afrika. Siku zile nilikaa barazani nikafikiri: benchi lile la Jumatatu limeegemea huruma ya watu tusiowajua.

Basi mnapouendea mti, uulizeni kuhusu mapengo hayo. Msiuulize kama una nguvu ya dawa tuliyonayo tayari. Ulizeni kuhusu mnyoo mchanga wa kichocho. Ulizeni kuhusu mama mnyoo wa usubi. Ulizeni kuhusu mguu wa matende unaonuka, ambao mpaka leo tiba yake kubwa ni maji, sabuni na uvumilivu. Dawa ya kupaka iliyopimwa vizuri ya kutuliza vidonda vya mguu ule ingemrudisha mama sokoni, na kuipima hakuhitaji maabara ya mabilioni.

Tena mti unaweza kutibu ugonjwa bila kunywewa na mgonjwa. Hili nimelijifunza kwa Aklilu Lemma wa Ethiopia, na kwangu yeye ni mfano mkubwa kuliko wote kwa mtafiti wa Afrika. Mwaka 1964 alikuwa Adwa, kaskazini mwa nchi yake, akifuatilia konokono wanaobeba kichocho. Akafika mahali wanawake wanapofulia. Walikuwa wanafua kwa endodi, tunda la mmea wa porini linalotoa povu kama sabuni. Chini ya pale, maji yanapoelekea, konokono walikuwa wamekufa, wanaelea. Juu ya pale walikuwa hai. Hakukuwa na mganga hapo, hakukuwa na mgonjwa. Palikuwa na wanawake na nguo zao, na mtu aliyesimama akatazama maji yanaelekea wapi.

Akachukua konokono hai, akawatia kwenye maji yenye povu lile, wakafa. Kiasi kidogo tu cha unga wa tunda kinatosha. Mmea huo unaota hata huku Afrika Mashariki. Alitumia karibu maisha yake yote yaliyobaki kupigania jambo hilo lifike kwa watu. Wataalamu wa nje walimtaka alete vipimo vya sumu vilivyofanywa kwenye maabara zenye kiwango cha kimataifa, na vya Ethiopia havikuhesabika; kupata fedha za kurudia vipimo hivyo kukachukua miaka na miaka. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya Right Livelihood. Wakati huo watoto waliokuwa wakioga Adwa mwaka 1964 walikuwa watu wazima wenye watoto.

Sisi tulipotaka kuua konokono kule Unguja na Pemba, katika ule mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho ulioanza 2011, tulitumia niklosamidi, kemikali ya kiwandani inayonunuliwa nje. Sisemi ilikuwa kosa. Endodi nayo huua samaki, kama ilivyo kemikali yenyewe. Lakini ninajiuliza ni miti mingapi ya kufulia, ya kuvulia samaki kwa sumu, ya kufukizia mbu, tunayoijua tangu utoto, na hakuna aliyesimama kutazama maji yanaelekea wapi.

Kuna jambo la pili kwa Lemma, nalo ndilo lililonifunga mdomo kuhusu jina la mti wa mjomba. Ilipobainika kwamba endodi inaua pia kome wanaoziba mabomba ya maji kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Chuo Kikuu cha Toledo kikachukua hataza ya matumizi hayo. Wanawake wa Adwa hawamo kwenye karatasi ile. Huku kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Hapo juu Amani, kilomita chache kutoka barazani kwangu, Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902, wakapanda mikwinini iliyotoka Amerika Kusini. Gome la mti huo, wenyeji wa milima ya Andes ndio walioijulisha dunia. Na kutoka milima hiihii, mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani alipeleka kwao ua dogo la zambarau, ambalo Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara, na linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Mkulima wa Usambara hana habari nalo.

Najua sasa kuna Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za mimea na viumbe vingine, iliyoanza kutumika 2014, na mkataba wa Geneva wa Mei 2024 unaomtaka anayeomba hataza aseme rasilimali na maarifa aliyatoa wapi. Ni hatua. Lakini mjomba hajui Geneva. Anachokijua ni karatasi aliyoiwekea dole gumba, ambayo hakuachiwa nakala.

Mtasema: mbona unatubana sana, wakati waganga wenyewe wanauza chupa barabarani bila kipimo chochote? Kweli kabisa, na hilo linanitisha. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Watu wenye maumivu hawasubiri jibu la maabara. Na mti wa asili unaweza kuua. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wapatao 100 waliharibika figo baada ya kumezeshwa kwenye tiba ya kupunguza unene vidonge vyenye mmea wa jamii ya Aristolochia, mmea ambao Wachina walikuwa wakitumia jamaa zake kwa karne nyingi. Umri wa matumizi haukuwalinda. Sumu inayokula figo polepole haionekani kwa mganga, kwa sababu mgonjwa anarudi nyumbani amepata nafuu, na anakufa baada ya miaka kwa jina la ugonjwa mwingine.

Ndiyo maana nawaambia, jibu la "haufai" nalo ni dawa. Makala zenu hupenda miti iliyofaulu. Iliyoshindwa inaishia kwenye makabati, na huku kijijini watu wanaendelea kuinywa. Kama mzizi wa mjomba hauui mnyoo, kila mtoto anayeunywa anapoteza miezi ambayo angepewa praziquantel, na kibofu chake kinaendelea kuchanika huku mkojo ukionekana safi. Kama unaumiza ini, ndiyo zaidi. Mjomba mwenyewe ameniambia: "Ukiniletea kwamba haufai, nitauacha siku hiyohiyo." Namwamini. Ni mtu aliyeinama kwenye hadubini mpaka kofia ikadondoka.

Ninayoomba hayahitaji miujiza. Nchi hii imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili pale Muhimbili tangu 1974, kikawa taasisi kamili 1991. Ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 na Baraza lake. Ina taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa yenye vituo kuanzia Tanga hadi Mwanza. Ina wakemia. Kinachokosekana ni kuvikutanisha. Wekeni pamoja maabara moja, moja tu, inayofuga konokono na kuendesha maisha yote ya mnyoo wa kichocho, ambayo mwanafunzi wa chuo chochote anaweza kupeleka sampuli yake kabla hajaandika neno kichocho kwenye kichwa cha habari. Tuiandae kwa kiwango ambacho hakuna mtu wa nje atakuja kutuambia turudie, maana miaka ya Lemma iliishia hapo. Na wenye kutoa fedha waache kuhesabu makala. Wahesabu miti iliyopata jibu, la ndiyo au la hapana.

Inawezekana. Kwa wagonjwa wa malale, tulikuwa na dawa ya kuchomwa mshipani yenye aseniki iliyowaua wagonjwa wapatao watano kati ya kila mia. Leo kuna vidonge vya siku 10, fexinidazole, vilivyotengenezwa na shirika lisilotafuta faida lililoanzishwa 2003, ambalo Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya ni mmoja wa waasisi wake, likishirikiana na kampuni ya Sanofi na madaktari wa Kongo. Hiyo haikutoka kwenye mti. Kemikali yake ilitelekezwa kabatini miaka mingi mpaka mtu akaenda kuitafuta. Lakini ilijaribiwa kwa wagonjwa wenyewe, nchini kwao, ikafika mwisho wa safari.

Na mnapochukua kiroba msituni, mwachieni mwenye msitu nakala ya karatasi kwa Kiswahili, mwandikeni jina lake kwenye makala akitaka liandikwe, na muweke tarehe ya kurudi. Si lazima mje na fedha. Mje na hadubini.

Mjomba sasa ana miaka 84. Mti aliowaonyesha wenzenu ungali hai, ingawa miwili ya jirani yake imekauka baada ya watu wengine kuja kuchimba pande zote. Kila nikimtembelea, kabla ya kuulizana hali za watoto, huniuliza, "Wale wa mzizi wamesemaje?" Nami sina la kumwambia. Kutoka stendi ya Muheza mpaka kwake ni safari ya bodaboda isiyomaliza saa moja. Njooni mumjibu, hata kama jibu ni hapana.

Wenu katika kazi ya kutibu,

Tabibu mstaafu,
Muheza, Tanga